Shamba la Chini

Wiki iliyopita nilipita sokoni, hapa Ifakara, nikamkuta mama mmoja anatwanga pepeta. Vijana wengi wa siku hizi hawaijui. Mpunga unakatwa kabla haujakauka, unakaangwa chunguni, kisha unatwangwa ungali wa moto mpaka punje zinakuwa bapa. Harufu yake ni nusu majani mabichi, nusu maziwa yaliyoshika chini ya sufuria. Nilisimama pale muda mrefu kuliko anavyosimama mtu asiyenunua. Yule mama akaniuliza, "Nikufungie, dada?" Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Nilikwenda nyumbani nikaketi, nikajaribu kuipanga kwa utaratibu safari moja ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiikumbuka vipande vipande.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu Kasto alikuwa na mitano, na wa tatu alikuwa bado mgongoni kwa mama. Baba alikuwa seremala katika karakana moja mjini, na alikuwa amepewa ruhusa ya siku kumi. Tulikuwa tunakwenda kwa wazazi wake, babu na bibi, ambao mimi nilikuwa nimewaona mara moja tu, nikiwa mdogo mno kukumbuka. Kijiji chao kilikuwa upande wa Malinyi, lakini msimu ule hawakuwa kijijini. Walikuwa wamehamia bondeni kwenye mpunga, kama watu wengi wa kwetu walivyofanya: unafunga nyumba, unachukua chungu, mkeka na kuku, unakwenda kuishi kwenye dungu, juu ya nguzo, mpaka mavuno yaishe.

Wazazi walituambia kwamba babu anaumwa mguu kidogo na tunakwenda kumwona. Sasa najua kwamba baba alikuwa ameletewa habari kuwa kidonda kimebadilika rangi, na kwamba safari nzima ilikuwa na kusudi moja, kumleta babu hospitalini kabla ule mguu haujamuua. Hilo mimi sikuambiwa. Nilikuwa na hofu yangu nyingine kabisa, na niliamini nilikuwa na ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa Oliva. Oliva alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, tulichota maji pamoja. Mwaka mmoja kabla ya hapo wazazi wake walimpeleka Masagati kumsalimia bibi yake. Wazazi walirudi, Oliva hakurudi. Mama yake alipoulizwa alijibu kama mtu anayeulizwa bei ya chumvi: "Yupo kwa bibi, anamsaidia kazi." Wenzangu wa rika langu mtakubali kwamba hilo halikuwa jambo la ajabu. Karibu kila ukoo ulikuwa na mtoto aliyekwenda kusalimia akabaki. Ushahidi wa pili ulikuwa mzigo. Mama alifunga nguo mbili tu za Kasto, lakini gauni zangu alizifunga zote nne.

Tulivuka mto kwa pantoni. Hapakuwa na daraja wakati huo. Lori tulilopanda lilikuwa linafuata mpunga, tupu, na sakafu yake ilikuwa na pumba zilizotuingia kwenye nywele na macho. Pantoni ilipoanza kusogea Kasto alimuuliza baba kama tunaokwenda ni sisi au ni mto. Baba akacheka, akamwambia, "Hesabu mwenyewe." Mimi sikucheka. Nilikuwa nakariri njia: lile gati, ule mti ulioanguka majini, zile nyumba za udongo mwekundu. Nilidhani kwamba nikiachwa nitaweza kurudi kwa miguu.

Tulilala Malinyi kwa shangazi. Asubuhi tukaingia kwenye mtumbwi, mwenye mtumbwi akisukuma kwa upondo katikati ya matete. Maji yalikuwa yamepungua lakini hayakuwa yameisha. Yalinuka majani yaliyooza na samaki. Mama aliketi katikati na mtoto, akitushika mimi na Kasto kila mmoja kwa nguo yake. Ilichukua nusu ya siku. Kisha matete yakafunguka, nikaona mpunga kwa mara ya kwanza jinsi unavyokuwa bondeni, kijani kinachoanza kuwa njano, umelala upande mmoja kwa upepo, na dungu katikati yake kama kitu kilichosahauliwa na mafuriko.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke wangu," akasema babu. Alikuwa ameketi juu, mguu mmoja ameunyoosha, umefungwa majani na kipande cha kanga.

"Mke mwenzangu umefika?" akasema bibi. "Afadhali. Mume huyu amenichosha. Mchukue."

"Huyu ndiye niliyemngoja," babu akamjibu. "Wewe kizee funga mizigo yako urudi kwenu."

"Kwetu nitakwenda na chungu changu. Tuone mtapikia nini."

Wote walicheka, hata mwenye mtumbwi. Huo ni utani wa babu, bibi na wajukuu, kila mtoto wa kwetu anakua nao. Mimi sikuwa nimekua nao, kwa sababu babu na bibi walikuwa mbali. Niliusikia kama taarifa. Kulikuwa pia na harufu pale juu, nzito, tamu kidogo. Chini ya dungu bibi alikuwa anakausha kambale juu ya moshi, na nilidhani ni harufu ya samaki. Baba alipopanda ngazi alisimama ghafla, akageuza uso. Nakumbuka nilimshangaa, mtu aliyezaliwa bondeni kuchukia samaki.

Siku ya pili waliongea. Mama alinituma nikaoshe vyombo, lakini maji yalikuwa pale pale chini ya nguzo na sakafu ya dungu ilikuwa fito. Nilisikia sehemu ya mazungumzo.

"Baba, mguu huu hauwezi kungoja mpunga," alisema baba yangu.

"Na mpunga nao hauwezi kungoja mguu," alisema babu. "Nikiondoka leo, mama yako ataamia ndege pande zote mbili? Ana mikono mingapi?"

"Na hiyo mikono mnaihesabu mbele yangu," akasema bibi.

Kuamia ni kufukuza ndege wasile mpunga ukiwa bado laini. Ni kazi ya alfajiri na ya jioni, kila siku, kwa wiki kadhaa, na haina sikukuu. Shamba lao lilikuwa na sehemu mbili. Shamba la juu lilikuwa kubwa na lilichelewa kupandwa. Shamba la chini lilikuwa dogo, lilikuwa mbele kwa ukomavu, na kati yake na dungu palikuwa na maji ya magotini ambayo babu kwa mguu ule asingeweza kuyavuka.

Kisha babu akasema maneno ambayo niliyasikia yote, na nimeyarudia tangu siku ile: "Shamba la chini mpeni Tekla. Akilitunza mpaka Jumamosi, basi, mimi nakwenda."

Tekla ni mimi, na maana yake ilikuwa rahisi. Jumatatu iliyofuata ndugu za bibi wangekuja kulivuna shamba la chini, chakula cha mwaka kingekuwa kimepatikana, na wangebaki hapo kumsaidia bibi na shamba la juu. Kwa hiyo Jumamosi babu angepanda mtumbwi pamoja na sisi sote. Mimi niliunganisha Oliva, gauni nne na "mke mwenzangu," nikapata jibu langu. Babu anaondoka, na mimi nashika nafasi yake. Shamba lilikuwa mtihani. Nikifaulu, ninabaki.

Jumatatu na Jumanne niliamia vizuri. Sijui kwa nini. Nadhani mtoto aliyezoea kusifiwa shuleni hawezi kuanza kushindwa mara moja. Nilikuwa na kidungu changu, kamba ndefu zilizofungwa makopo yenye mawe, na kombeo ambalo babu alilisuka kwa kipimo cha mkono wangu. Alinionyesha jinsi ya kufinyanga tonge la udongo lisipasuke hewani. Kasto alikuja akakaa nami mchana mmoja, akalenga ndege, akampiga kuku wa bibi. Jioni babu akaniita.

"Mke wangu ana mkono," akamwambia baba. "Umeona? Shamba la chini hajatua ndege hata mmoja."

"Huyu hatumrudishi," akasema bibi. "Tumempata."

Usiku ule sikula. Mama alinigusa paji la uso akaona sina homa.

Alhamisi asubuhi baba alikuwa mwisho wa shamba la juu, bibi katikati yake. Mama alikuwa anamwogesha mtoto. Kweleakwelea walikuja kutoka upande wa mto. Wenzangu mliowaona mnajua kwamba hawaji kama ndege, wanakuja kama moshi, unajikunja na kujikunjua, kisha unashuka. Walizunguka mara mbili juu ya shamba la chini, wakingoja kelele. Nilikuwa nimeshika kamba. Niliiweka chini. Niliweka na kombeo, nikakaa juu ya mikono yangu, kama tulivyoamriwa kukaa darasani.

Wakatua. Mabua yaliinama yote kwa pamoja. Sauti ya ulaji wao ni ndogo sana kuliko unavyofikiri, kama mvua nyembamba juu ya nyasi kavu. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka mia tatu, nikaanza tena, nikapoteza hesabu. Naweza kusema kwa uhakika kwamba sikulala hata kidogo, na kwamba nilijua ninachofanya. Nilichokuwa sijui ni kwa nini kazi ile ilikuwa muhimu.

Bibi ndiye aliyefika wa kwanza, amelowa mpaka kiunoni kwa haraka. Alivuta shuke moja, akalibinya, akatazama vidole vyake. Kisha akanitazama mimi.

"Umelala," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Umelala."

Hakunipiga wala hakuniuliza lingine. Alirudi, akawaambia wengine kwamba mtoto alipitiwa na usingizi. Babu alitazama kutoka dungu, mkono juu ya macho. Hakukasirika. "Kosa ni langu," akasema. "Nimempa mtoto kazi ya mtu mzima." Baadaye akaniita nikae karibu na mguu wake mzima, akanipa kipande cha kambale. Nilikula chote. Sikuwa nimekula vizuri tangu Jumanne.

Ijumaa nzima baba alibishana naye. Shamba la juu sasa ndilo lilikuwa chakula chote cha mwaka, na lilihitaji ulinzi wa wiki tatu zaidi. Ndugu za bibi hawangekuja tena, kwa kuwa hapakuwa na cha kuvuna.

"Basi nitabaki mimi," alisema baba. "Wewe uende na mama Tekla."

"Na kazi yako? Wameshakupa siku zako. Uipoteze, hao watoto wale nini, kwa ajili ya kidonda?"

"Baba, kinanuka."

"Nakisikia. Pua ninayo. Nikimaliza kuvuna nitakuja mwenyewe, na mpunga wenu begani."

Baba angeweza kumbeba, babu alikuwa amekonda kiasi hicho. Lakini kwetu mtu hamshiki baba yake kwa nguvu, akamfunga kama mbuzi, akampakia. Hilo halifanyiki, na baba hakulifanya.

Jumamosi tukaingia kwenye mtumbwi. Nilikuwa wa kwanza kuingia, nikaketi katikati kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kunyoosha mkono kutoka nchi kavu akanitoa. Babu alikaa ukingoni mwa dungu, bibi amesimama nyuma yake. Upondo ukazama, tukasogea. Furaha niliyokuwa nayo dakika ile sijawahi kuipata tena, na nimekuwa na siku nyingi nzuri maishani. Nikamshika mama mkono.

"Mama, kwa hiyo hamniachi?"

"Kukuacha wapi?"

"Kwa babu. Niamie ndege."

Mama alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Nani alikwambia utaachwa? Na shule? Tulikuja kumchukua babu yako, Tekla. Tumpeleke hospitali. Angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe."

"Na gauni zangu?"

"Mbili zimekubana. Namwachia binti wa shangazi yako tukifika Malinyi."

Tulikuwa bado hatujafika kwenye matete. Nilimwona babu vizuri, hata ile kanga ya mguuni. Sauti ingefika. Ningeweza kusema sikulala, ningeweza kusema niliwaacha ndege kwa makusudi, na mtu mzima yeyote angegeuza mtumbwi, kwa sababu uwongo wa mtoto ukifichuka ungefungua mjadala upya. Nimelifikiria hili mara nyingi, na kwa haki kabisa siwezi kusema kwamba babu angekubali. Ninachoweza kusema ni kwamba kulikuwa na muda, na kwamba niliutumia kutazama maji. Matete yakafunga.

Habari zilitufikia kabla mpunga wa juu haujaisha kupurwa. Baba alikwenda peke yake, akakuta wameshazika. Aliporudi alikuwa na bibi, mkeka wa bibi, na gunia moja la mpunga ambalo babu alikuwa amelitenga na kulifunga mwenyewe. Mama aliupika mchele ule kidogo kidogo. Nilikula na kila mtu, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Bibi aliishi nasi miaka kumi na mmoja. Alikaa chumba cha nyuma, baba akimtengenezea kitanda kifupi ili asipate tabu kushuka, akimpeleka kanisani mkono kwa mkono. Siku moja, mimi nikiwa nimeshaolewa na nimekuja kusalimia, tulikuwa tunachambua mchele wawili, ungo mmoja. Bila kuinua kichwa akasema, "Siku ile hukulala."

Nilitaka kukana, lakini mikono yangu ilikuwa imesimama, naye aliiona.

"Nilikuona," akasema. "Jua lilikuwa upande wako. Nilikuona ukiweka kamba chini."

"Mbona hukupiga kelele, bibi? Ungepiga kelele wangeruka."

"Sauti nilikuwa nayo." Alitoa jiwe, akalitupa. "Kaka yangu alikuwa na kidonda kama kile. Walimpeleka mjini, akarudi hana mguu. Akakaa mlangoni miaka minne, hasemi na mtu, mpaka akafa. Nikajiambia, mume wangu hapelekwi huko. Nitamtibu mwenyewe. Basi walipotua ndege, nikasema, waache wale."

Kisha akasema, "Geuza upande wako, una mawe," nikageuza ungo. Hatukulizungumza tena. Alikufa mwaka uliofuata, na baba alilia kuliko nilivyowahi kumwona, akisema mbele ya watu kwamba angalau yeye alimtunza mama yake.

Maana baba hakujisamehe juu ya babu. Mpaka leo, mzee mwenye mvi, anayesahau amekula nini asubuhi, sentensi moja haijamtoka: "Ningembeba tu." Anaisema akiona mtumbwi, akiona mtu anachechemea, na wakati mwingine bila sababu yoyote. Kwa miaka yote hiyo mimi nimekuwa nikimjibu kwamba hakuwa na jinsi. Nilikuwa mtu pekee aliyejua kwa nini hakuwa na jinsi.

Jioni ile baada ya kutoka sokoni nilikwenda kwake. Alikuwa barazani, redio imezimwa mapajani mwake. Nilimsalimia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote kwa mpangilio: Oliva, gauni, utani, maneno niliyoyasikia chini ya fito, kamba niliyoiweka chini, na yale aliyonijibu mama kwenye mtumbwi. Sikuongeza wala sikupunguza. Aliniacha nimalize.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa, baba."

"Tisa," akasema. Akaiinua redio, akaiweka chini kando ya kiti. Nikangoja, nikiwa tayari kwa lolote.

Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyesahau chochote. "Mama yangu alikuwa shamba la juu," akasema. "Pale katikati. Kutoka pale unaona mpaka mtoni. Yeye hakuona?"

Mimi ni mtu wa kusema jambo kama lilivyo. Watoto wangu wanalijua hilo, na wananilalamikia.

"Hapana," nikasema. "Hakuona."

"Afadhali," akasema baba.